Springi, Shokomzoba na Udongo: Historia ya Kuinua Magari Kati ya Kibarani na Malindi

Kibarani ni wadi ya eneo bunge la Kilifi Kaskazini, kando ya mji wa Kilifi, takriban kilomita 60 kaskazini mwa Mombasa na karibu masafa hayohayo kusini mwa Malindi. Wakazi wake wamezoea dunia mbili za usafiri, kwa kuwa upande wa bahari hupita barabara kuu ya lami inayounganisha Mombasa na Malindi, na upande wa bara ziko njia za vumbi zinazopanda kuelekea Ganze, Vitengeni na Bamba, ambako mvua za masika hugeuza udongo kuwa matope na kiangazi huugeuza kuwa unga. Katika mazingira ya namna hiyo, kuchagua springi na shokomzoba na kuamua gari liinuliwe kwa kiasi gani hakujawahi kuwa suala la mapambo, bali limekuwa sehemu ya historia ya uchumi wa mahali penyewe. Historia hiyo ina fundisho moja lililo wazi: magari yaliyodumu katika pwani hii ni yale ambayo wenyewe waliuangalia udongo na mzigo kwanza, na urefu wa gari baadaye.

Istilahi mbili zinahitaji kuelezwa mwanzoni, kwa sababu mara nyingi huchanganywa. Springi ni chuma kinachobeba uzito wa gari na kukubali kupinda au kubonyea gurudumu linapokutana na shimo au jiwe, kisha kikarudi katika umbo lake. Shokomzoba, ambayo Watanzania wengi huiita shokapu, haibebi uzito wa gari. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kudunda baada ya pigo la kwanza, nayo huifanya kwa kulazimisha mafuta yapite katika vali nyembamba zilizo kwenye pistoni, hivyo nguvu ya mdundo ikageuka kuwa joto. Kuinua gari, kwa upande wake, ni kuongeza nafasi kati ya ekseli na bodi, ama kwa springi ndefu au ngumu zaidi, ama kwa vipande vya kujazia vinavyojulikana kama spesa.

Udongo wa Kilifi na Malindi umepangwa kwa mikanda inayofuatana kutoka pwani kwenda bara. Ukanda wa kwanza ni wa mawe ya matumbawe, mabaki ya miamba ya kale ya bahari, ambayo huchomoza juu ya njia yakiwa makali na kuchana ubavu wa tairi. Nyuma yake kuna mchanga mwekundu ambao wanajiolojia huuita mchanga wa Magarini, laini wakati wa kiangazi kiasi cha kumeza magurudumu, na unaochimbwa makorongo na maji ya mvua. Mbele zaidi, kuelekea Ganze na Kaloleni, hutokea udongo wa mfinyanzi na mawe ya tabaka, ambao huteleza ukilowa na kuacha mifereji migumu ukikauka. Gari linalotoka ufukweni kwenda Bamba hupitia mikanda yote hiyo katika safari moja, na kila mkanda huitaka springi kazi tofauti: matumbawe hutaka gurudumu lipande taratibu bila kurusha bodi, mchanga hutaka magurudumu yote yakanyage chini, na mifereji hutaka nafasi ya kutosha chini ya ekseli.

Kabla ya magari, tatizo hilo halikuwepo kwa namna hiyo. Reli ya Uganda, iliyojengwa kuanzia 1896 hadi 1901, iliondoka Mombasa na kuelekea bara kupitia Mariakani, ikaziacha Kilifi na Malindi zikitegemea majahazi, punda na vichwa vya wapagazi. Mkokoteni wa hamali ulioenea katika miji ya pwani haukuwa na springi yoyote, wala haukuihitaji, kwa sababu mwendo wake ulikuwa wa mtu anayetembea, na kwa mwendo huo jiwe hugonga gurudumu bila kuvunja ekseli. Haja ya springi huja na kasi. Ulaya iliitambua haja hiyo kupitia magari ya farasi, na springi za majani zenye umbo la duaradufu zilizopewa hataza nchini Uingereza mwaka 1804 kwa jina la Obadiah Elliott zilikuwa hatua muhimu katika ukoo ambao baadaye ulizaa springi za malori ya karne ya ishirini.

Springi ya majani ni pau bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, ndefu juu na fupi chini, zikafungwa katikati kwa senta bolti na kubanwa kwenye ekseli kwa yubolti. Ilipendwa katika pwani ya Kenya kwa sababu ya usahili wake: hubeba mzigo, huishika ekseli mahali pake bila vyuma vingine, na jani likivunjika fundi mwenye nyundo, fuawe na jani kuukuu anaweza kulirejesha gari barabarani. Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, ilitumia springi za aina hiyo mbele na nyuma, na katika miaka iliyofuata ikawa gari la polisi, la mabwana shamba na la wamisionari kote Afrika Mashariki. Aliyelipanda alilipa gharama ya uimara huo kwa mgongo wake, kwa kuwa springi iliyokazwa kwa ajili ya mzigo mzito huwa ngumu kupita kiasi gari linapokuwa tupu, na gurudumu hurukaruka juu ya njia badala ya kuikanyaga.

Elimu ya kupatanisha ugumu na ulaini ilipata uwanja wake mkubwa katika mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na kupita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika. Mashindano hayo yalifanywa kwa miaka mingi wakati wa Pasaka, majira ambayo mvua huwa zimeanza, nayo yalikuwa mtihani wa chuma kabla ya kuwa mtihani wa kasi. Mwaka 1963 magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza kati ya 84 yaliyoanza, na mwaka 1968 yalimaliza 7 tena kati ya 93. Katika miaka yote hiyo miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiendesha Peugeot 404, gari la kawaida la familia lisiloendeshwa kwa magurudumu manne, ambalo sifa yake kubwa ilikuwa springi laini zenye safari ndefu, yaani uwezo wa gurudumu kushuka na kupanda sana bila kugonga mwisho wake, pamoja na shokomzoba zilizoweza kuitawala safari hiyo. Bert Shankland alishinda kwa gari la aina hiyohiyo mwaka 1966 na 1967. Madereva na mafundi wa Afrika Mashariki walijionea kwamba gari la kimo cha wastani lenye chuma kilichopatanishwa vyema lilifika pale ambapo mengine mengi yalikwama au kuvunjika.

Fundisho hilo halikufika katika kila gereji, kwa sababu mahitaji ya kila siku yalivuta upande mwingine. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalumu ya uchukuzi, na pikapu zilizowekewa mabenchi nyuma zikashika njia za vijijini ambako mabasi hayakufika, huku Peugeot 504 za kubeba abiria, zenye springi nne za koili katika ekseli ya nyuma, zikishika masafa marefu. Pikapu moja ilibeba watu, magunia ya mahindi, korosho na madumu ya maji kwa pamoja, na dawa ya kwanza ya gari lililolala nyuma ilikuwa kuongeza jani. Jani likiongezwa gari husimama, lakini nguvu za barabara haziondoki, bali huhamia penginepo. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu, na katika springi ya majani mahali hapo mara nyingi ni tundu la senta bolti, ambapo chuma kimepunguzwa ili bolti ipite. Fundi mzoefu akilifungua jani lililovunjika huusoma ufa wenyewe: sehemu iliyoingia kutu na kuwa nyeusi humwonyesha kwamba ufa ulianza zamani na ukakua polepole, na sehemu inayong'aa humwonyesha pale palipokatika katika pigo la mwisho.

Shokomzoba nazo zilipata adui wao katika njia ndefu za vumbi, hasa ile inayotoka Malindi kwenda lango la Sala la hifadhi ya Tsavo Mashariki, ambayo magari ya watalii wa Malindi na Watamu yaliipita kwa miongo mingi. Njia ya vumbi inayopitiwa kwa kasi hujikunja na kufanya viwimbi vya mfululizo, kwa kuwa kila gurudumu linaloruka juu ya kinundu hutua mbele yake na kuuchimba mchanga, na linalofuata likarudia palepale. Juu ya viwimbi hivyo pistoni hupanda na kushuka mara nyingi kwa kila sekunde, mafuta hupata moto na kuchanganyika na hewa hadi yakawa povu, na povu halina ukinzani wa kutosha, hivyo dereva hugundua kwamba gari limeanza kuteleza upande kwenye kona ambayo asubuhi aliipita salama. Mhandisi Mfaransa Christian Bourcier de Carbon alilishughulikia tatizo hilo katika miaka ya 1950 kwa shokomzoba yenye bomba moja na gesi ya shinikizo inayozuia povu, na jamaa za ubunifu huo ndizo zinazouzwa leo kwa magari ya safari.

Mabadiliko mawili yaliufungua ukurasa mpya mwishoni mwa karne ya ishirini. La kwanza lilikuwa la kiufundi, pale springi za koili, yaani waya mnene wa chuma uliozungushwa, zilipoingia katika magari ya porini. Range Rover ilianza nazo mwaka 1970, Land Rover ya kazi ikafuata mwaka 1983, na Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyotoka mwaka 1984, ikapewa koili za mbele mwaka 1999 huku nyuma ikibaki na majani kwa ajili ya mzigo. La pili lilikuwa la kibiashara na la barabara. Daraja la Kilifi lilifunguliwa mwaka 1991 na kukomesha foleni za feri ya Mnarani, na katika muongo huohuo kulegezwa kwa masharti ya biashara kukaleta wimbi la magari yaliyotumika kutoka Japani. Magari hayo yalitengenezwa kwa ajili ya barabara laini za nchi ile, na yalipofika kwenye matuta na njia za vumbi yaligusa chini. Hapo ndipo spesa zilipoenea, na kuinua gari, ambako awali kulikuwa shughuli ya magari ya porini, kukawa huduma ya kawaida kwa gari la mwalimu na la mfanyabiashara wa sokoni.

Ni muhimu kueleza kile ambacho kuinua hufanya na kile ambacho hakufanyi. Katika gari lenye ekseli nzima iliyounganisha magurudumu mawili, springi ndefu huinua bodi na chasisi, lakini haiinui difu, yaani bakuli la gia lililo katikati ya ekseli, kwa sababu ekseli hukaa juu ya magurudumu yenyewe. Difu huinuliwa na tairi kubwa pekee, na kazi ya springi ndefu ni kuipa tairi hiyo nafasi isigonge bodi. Aidha, springi ikirefushwa na shokomzoba ikabaki ya zamani, pistoni hufika mwisho wake kila gurudumu linaposhuka shimoni, ikagonga, na hatimaye ikang'oka. Kiasi cha milimita 40 hadi 50 ndicho ambacho magari mengi ya porini hukivumilia bila marekebisho makubwa. Kikizidi, mwelekeo wa magurudumu ya mbele hubadilika na usukani hupoteza tabia ya kurudi wenyewe katikati, propela shafti hufanya kazi kwa pembe kali, mipira ya breki huvutwa, na kitovu cha uzito hupanda hadi gari likawa jepesi kupinduka. Kwa gari linalobeba watu juu ya njia yenye mteremko wa ubavu, hatari hiyo ya mwisho inatosha peke yake kumfanya mwenyewe asite.

Kwa hiyo fundi anayeijua kazi yake haanzi kwa kuuliza gari lipande kiasi gani. Huuliza hubeba nini siku nyingi za wiki, hupita wapi, na huwa tupu mara ngapi. Hupima kimo kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi, pande zote nne, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo. Hutazama kama vumbi limegandamana na mafuta kwenye shina la shokomzoba, dalili ya kuvuja. Hupapasa uso wa tairi kutafuta mabonde yanayofuatana, dalili ya gurudumu linalodunda. Na hukagua kama matundu ya bushi, yaani mipira ya maungio, yamekuwa yai badala ya duara. Baada ya hapo ndipo huchagua springi kwa kadiri ya mzigo wa kudumu, na shokomzoba kwa kadiri ya springi.

Uzoefu wa miongo mingi kati ya Kibarani, Malindi na Bamba unathibitisha hukumu moja, nayo inamhusu kila mwenye gari anayekusudia kuliinua. Fedha itumike kwanza katika shokomzoba nzima na bushi mpya, kisha katika springi inayolingana na mzigo halisi, kisha katika tairi zinazofaa udongo, na kimo kiongezwe kwa kiasi kile tu ambacho njia inakidai. Mwenye kuufuata utaratibu huo hulinda gari lake, abiria wake na wale anaokutana nao barabarani.