Bonge Moja, Meza Mbili

Anayesikia habari za kupandikiza ini hudhani kazi yote ni ini. Kumbe jasho jingi humtoka daktari kwenye mshipa wa porta, unaoleta takriban robo tatu ya damu ya ini kutoka utumboni na kwenye bandama. Ini likijaa makovu, damu ndani ya mshipa huo husuasua, kisha huganda. Zamani bonge hilo lilitosha mgonjwa kukataliwa.

Mwanzo wa kazi hufanana kote. Mdomo wa mshipa hukunjwa nje kama mkono wa shati, bonge likabanduliwa ukutani polepole mpaka damu iruke. Isiporuka, hapo ndipo njia huachana, na meza za upasuaji huwa mbili.

Uingereza na Marekani ini hutoka zaidi kwa marehemu, na kwenye barafu huja pia mishipa ya nyonga ya marehemu huyohuyo. Hiyo ndiyo akiba: daktari huunga kipande kutoka mshipa wa utumbo hadi ini jipya, akikwepa palipoziba. Mwaka 1998 daktari Tzakis wa Miami na wenzake walieleza walivyoelekeza kwenye ini hata damu ya vena kava, mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni. Ujasiri mkubwa, ila shinikizo la utumboni linabaki palepale, na mgonjwa aweza kutapika damu akiwa na ini zima.

Kyoto, Seoul na Delhi, ini kwa kawaida ni kipande cha ndugu aliye hai. Mshipa wake ni mfupi, na nani atamkata dada mtu nyonga apate akiba? Basi mshipa wa kuungia hutafutwa kwa mgonjwa mwenyewe, pengine shingoni. Kisha zinasakwa njia za panya, yaani vijishipa vilivyotanuka miaka yote ya kuziba, vikipitisha damu kando ya ini. Visipofungwa, kipande kinakosa damu. Na ikizidi, nayo hukiumiza.

Kipimo cha Yerdel, kilichotoka Birmingham mwaka 2000, kina ngazi 4 kulingana na bonge lilipofika. Kinasaidia, lakini kinahesabu bonge tu. Hakisemi damu imekimbilia wapi, na kwangu hilo ndilo swali zito, hasa kwa Wakenya na Watanzania wanaopanda ndege kwenda India na ndugu wa kuwakatia ini: wao hulazwa kwenye meza hii ya pili.