Barghash Alileta Maji, Nani Atayatoa?

Kila mwaka huwachukua wanafunzi wangu tukatembea ufukweni mwa Mji Mkongwe, kutoka Malindi hadi Shangani, wakati bahari imekupwa. Huwaomba wayape kisogo majumba ya kifahari na watazame chini, pale maji machafu ya mji yanapoteremka baharini. Harufu huwafikia kabla ya maelezo yangu. Si mbali na hapo, watoto hupiga mbizi.

Uvundo huu una historia. David Livingstone, aliyepita hapa mwaka 1866, aliukejeli mji kwa kulipindua jina la Zanzibar likawa jina la kunuka. Miaka mitatu baadaye kipindupindu kiliuingia na kuua maelfu. Tabibu James Christie, aliyeyashuhudia maafa hayo, alichapisha kitabu mwaka 1876 akifuatilia njia ya maradhi kutoka bara kwa misafara ya biashara, na akaonyesha jinsi uchafu na maji ya visima yalivyohusika.

Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alifanya jambo ambalo hadi leo anasifiwa kwalo: alileta maji ya chemchemi za upande wa Bububu hadi mjini, na wananchi wakayapata bila malipo. Sifa hiyo ni haki yake. Lakini maji yakiingia mjini sharti yatoke, na hapo ndipo historia yetu ilipoinama. Maji safi yalipata mfadhili. Maji machafu yaliachiwa bahari.

Serikali ya kikoloni haikuigeuza kanuni hiyo. Mitaro ya Mji Mkongwe ilibeba maji ya mvua na ya vyoo pamoja, na kuyamwaga baharini bila kuyasafisha. Ng'ambo, walikoishi wengi, choo kilikuwa shimo. Mkono wa bahari uliozitenganisha sehemu hizo mbili ulifukiwa hatua kwa hatua katika karne ya 20, na leo Darajani tunanunua samaki na vitambaa juu ya ardhi ambayo zamani maji yalijaa na kupwa.

Watetezi wa mtindo huu husema bahari ni pana. Ni kweli kwamba mikondo hutawanya uchafu, na ndiyo maana tumevumilia muda mrefu. Lakini majitaka hubeba nitrojeni na fosfati, na virutubisho hivyo havionekani kwa macho. Mwaka 1995 watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, walichapisha matokeo kuhusu miamba iliyo mbele ya mji: mwani wa chokaa, ule unaogandisha matumbawe yakawa mwamba mmoja, ulipungua kadiri fosfati ilivyoongezeka kuelekea mjini. Mwamba ukilegea, samaki hukosa makazi, mvuvi wa Malindi hurudi na dau tupu, na pwani hupoteza ngao yake dhidi ya mawimbi.

Nchi kavu nako hakuko salama. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye vinyweleo. Kinachoingia katika shimo la choo hakikai humo. Hushuka na kuyafuata maji yale yale tunayoyachota visimani. Kipindupindu kilirejea mwaka 1978, na tangu hapo kimekuwa kikirudi.

Tumeona fedha zikija: kuta za bahari, mitaro mikubwa ya mvua, bustani zenye taa. Sizibezi kazi hizo. Nauliza tu kwa nini mtambo wa kusafisha majitaka husubiri kila mara. Jibu langu ni la kisiasa: bomba la maji safi huzinduliwa kwa utepe na hotuba, ilhali mtambo wa majitaka hakuna kiongozi anayetamani kupigwa picha mbele yake.

Kwa hiyo nawaomba watumishi wa umma mnaonisoma: bajeti ijayo ikiwekwa mezani, itafuteni mstari wa majitaka. Usipokuwepo, ulizeni kwa maandishi. Mficha maradhi, kilio humfichua. Na sisi kilio tumeshakisikia zaidi ya mara moja.