Mganga, Mti na Dawa: Historia ya Tiba ya Mitishamba katika Msamiati wa Kiswahili



1.0 Utangulizi

Naomba nianze kwa kuungama kosa. Nilipokuwa kijana, nikikusanya msamiati katika vijiji vya milima ya Usambara, mzee mmoja mjuzi wa miti alinipokea nyumbani kwake kwa siku 9. Alinitajia majina ya miti 63 aliyokuwa akiitumia kutibu. Niliyaandika kwa uangalifu niliofundishwa: ngeli, wingi na toni. Mahali pa maana, mbele ya karibu kila jina, niliandika maneno matatu tu: "aina ya mti". Niliporudi baada ya miaka 11, safari hii nikifuatana na mtaalamu wa mimea, mzee alikuwa amekwisha kufariki. Wanawe waliweza kutuonyesha miti 24. Majina 39 yamo katika daftari langu mpaka leo, yakiwa na toni zake sahihi, na hakuna ajuaye ni ya miti gani.

Kosa hilo si langu peke yangu. Fungueni kamusi zetu, mtakuta kwamba mimea mingi imefafanuliwa kwa maneno yaleyale matatu. Katika mhadhara huu nitajaribu kuonyesha mambo mawili. Kwanza, sehemu kubwa ya historia ya tiba ya mitishamba katika Afrika ya Mashariki imehifadhiwa ndani ya maneno. Pili, uzembe katika maneno hayo, uwe wa mwanaisimu, wa mtunga sheria au wa mwandishi wa habari, una gharama inayolipwa na watu.

2.0 Mganga na kuganga

Mzizi wa neno mganga umeenea katika sehemu kubwa ya eneo la lugha za Kibantu. Wakongo husema nganga, na Washona husema n'anga. Wataalamu wa isimu linganishi wanauhusisha mzizi huo na maana mbili: kufunga au kuunganisha, na kuponya. Kiswahili kimezihifadhi zote mbili. Kuganga ni kufunga kilichovunjika ili kishikane, na pia ni kutibu maradhi. Tunaambiwa kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Na kwamba mganga hajigangi. Hata kijana aliyekuja mjini bila kazi husema amekuja kuganga njaa, yaani kuizuia isimzidi.

Kwa mantiki hiyo, mganga ni mtu anayeunganisha kilichoachana, uwe mfupa, mwili au ukoo. Mchawi ni kinyume chake: huachanisha na kudhuru kwa siri. Lugha imewatenganisha watu hawa wawili kwa maneno yasiyo na uhusiano wowote wa kimzizi. Naomba tulikumbuke jambo hili, kwani tutalihitaji tutakapofika kwenye sheria.

3.0 Mti na dawa

Katika lugha nyingi za Kibantu, neno lenye maana ya mti ndilo pia lenye maana ya dawa. Mfano unaojulikana sana ni umuthi wa Kizulu. Kiswahili kilipokopa neno dawa kutoka Kiarabu, kazi iligawanywa: mti ukabaki kuwa mmea, na dawa ikachukua uponyaji. Pamoja na dawa yakaja tiba na tabibu, na elimu ya tiba ya Kiarabu iliyosafiri kwa vitabu na kwa vyombo vya pepo za msimu.

Hata hivyo, mkopo huo haukubaki na maana finyu. Tuna dawa ya homa, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya panya, dawa ya mapenzi na dawa za kulevya. Na dawa ya moto ni moto. Kinachoviunganisha vitu hivi si uponyaji bali ni nguvu: dawa ni kitu chenye uwezo wa kugeuza hali ya kitu kingine. Hiyo ni dhana ya Kibantu iliyovaa kanzu ya Kiarabu. Na mti wenyewe haukufukuzwa moja kwa moja. Umerudi katika neno mitishamba, ambalo leo huandikwa hata katika nyaraka rasmi.

4.0 Majina ya miti kama kumbukumbu

Majina ya mimea nayo ni hifadhi ya nyaraka. Chukueni mwarobaini. Mti huu ni wa asili ya Asia ya Kusini, lakini jina lake limeundwa kwa namba ya Kiarabu na kiambishi ngeli cha Kibantu, na maelezo tunayopewa ni kwamba unatibu maradhi arobaini. Bahari ya Hindi yote imo katika neno moja. Shubiri na habasoda ni majina yaliyotoka Uarabuni pamoja na matumizi yake. Mwingajini, kwa upande wake, hautaji ugonjwa wala umbo la mmea. Unataja chanzo kinachodhaniwa kuleta maradhi, yaani jini anayewingwa kwa majani yake. Anayelisoma jina hilo kwa makini husoma nadharia nzima ya maradhi.

Lakini majina huweza pia kuponza. Mbono kwa baadhi ya wasemaji ni ule mti unaotoa mafuta ya kuharishia, ambao wengine huuita mbarika; kwa wengine ni mbono kaburi, unaopandwa kuwa ua. Ni mimea miwili tofauti, na mbegu za yote miwili zina sumu. Mtu aliyeelekezwa kwa jina tu, akiwa mbali na aliyemwelekeza, anaweza kupata madhara badala ya nafuu. Hapo neno "aina ya mti" halitoshi hata kidogo.

Linganisheni na kisa kimoja cha Uchina. Katika karne ya 4, tabibu Ge Hong aliandika kuhusu pakanga ya huko kama tiba ya homa. Hakuishia kwenye jina: alieleza kwamba ilowekwe majini, ikamuliwe, na maji yake yanywewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtafiti Tu Youyou alipokuwa akitafuta dawa ya malaria, maelezo hayo yalimfanya ahisi kwamba joto la kuchemsha ndilo lililokuwa likiharibu dawa. Akabadili njia, akatumia joto dogo. Kiini alichokipata, artemisinini, ndicho msingi wa dawa mseto tunayopewa katika zahanati zetu; naye akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Sentensi moja iliyoandikwa kwa ukamilifu ilisubiri miaka zaidi ya 1,600, ikaja kuokoa watu. Daftari langu halikuweza kusubiri hata miaka 11.

5.0 Neno mikononi mwa dola

Utawala wa Kijerumani ulikuwa na sura mbili kuhusu miti. Mwaka 1902 ulianzisha taasisi ya utafiti huko Amani, Usambara, ambako mkwinini, mti wa Amerika ya Kusini, ulipandwa. Na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwinini ilitengenezwa hapohapo. Mwaka 1905 utawala huohuo ulimnyonga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyekuwa akigawa maji kama dawa ya kuwakinga watu na risasi. Gome la mti mgeni liliitwa sayansi, na dawa ya wenyeji ikawa uasi. Ni kweli kwamba maji hayakuzuia risasi, na maelfu kwa maelfu waliangamia katika Vita vya Maji Maji. Lakini tangu hapo dola ilimtazama mganga kwa hofu.

Waingereza walizidisha utata huo. Katika lugha yao ya kila siku walikuwa na neno moja lililounganisha uchawi na udaktari, na kwa neno hilo mganga na mchawi walitiwa kapu moja. Sheria ya Uchawi ya Tanganyika ya mwaka 1928 ilikuja katika mazingira hayo ya fikra. Tofauti ambayo Kiswahili kilikuwa kimeihifadhi tangu zamani ilififia katika maandishi ya serikali.

Ajabu ni kwamba neno lenyewe lilipanda cheo. Daktari wa juu kabisa wa serikali ya Tanzania anaitwa Mganga Mkuu wa Serikali, na msimamizi wa zahanati ni Mganga Mfawidhi. Mwenye neno wa awali ndiye aliyelazimika kuongezewa kivumishi: mganga wa kienyeji, kisha wa jadi, na sasa wa tiba asili. Katika mfuatano huo wa vivumishi mnaona namna hadhi ilivyopotea na ilivyoanza kurejeshwa. Mwaka 1974 kilianzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili Muhimbili, kikawa taasisi kamili mwaka 1991. Na mwaka 2002 ikatungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, iliyounda baraza la kuwasajili waganga.

Hata hivyo utata wa maneno haukuisha. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhamiri, mwezi Januari 2009 serikali ilitangaza kufuta leseni za waganga wote wa jadi. Uovu ulikuwa wa kweli na hatua zilihitajika. Lakini amri ilimgusa mpiga ramli na mchuma majani kwa pamoja, kwa kuwa wote walikuwa na jina moja. Msemo ramli chonganishi, uliosikika sana mwaka 2015, ulikuwa hatua mbele: kwa mara nyingine lugha ilitaja kosa lenyewe badala ya kumtaja mtu.

Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Magazeti yaliuita mti wake kwa jina la huko, mugariga. Ni mti wa jenasi ya Carissa, ambao Waswahili wengi huuita mtandamboo, nao huota katika maeneo mengi ya nchi. Wapo wagonjwa waliosafiri mamia ya kilomita, baadhi wakiwa wameacha dawa za hospitali, wakiufuata mti ulioota karibu na nyumbani kwao. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, nyungu ya bibi zetu nayo ilirudi katika hotuba na vyombo vya habari. Katika matukio yote mawili hamu ilikuwa kubwa kuliko maarifa, na sisi wanalugha tulishughulika zaidi kushangilia misemo mipya.

6.0 Hitimisho

Sisemi kwamba kila mti anaoutaja mganga unaponya. Hilo litaamuliwa na majaribio. Nasema kwamba hakuna kinachoweza kujaribiwa ikiwa hakijulikani ni kipi. Hapana budi kidahizo cha mmea katika kamusi zetu kiwe na jina la kisayansi, mahali jina linapotumika, majina mengine ya mmea huohuo, sehemu inayotumiwa, namna ya kuiandaa, na tahadhari. Aidha, maarifa hayo yana wenyewe. Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010 unataka wenye maarifa wakubali kwanza na wagawiwe faida. Mkusanyaji wa msamiati hana ruhusa ya kulisahau hilo.

Kwa wanafunzi mnaojiandaa kwenda uwandani, ushauri wangu ni mfupi. Mkipelekwa kwa mzee mjuzi, msikae naye barazani kama nilivyokaa mimi. Ombeni awapeleke porini, mchukue tawi lenye jani na ua, mlikaushe, mliandike namba, kisha ndipo muulize wingi wake. Mzee wangu aliniuliza siku ya mwisho kama nisingependa kuiona hiyo miti. Nilimjibu kwamba muda umenipita, na kwamba majina yanatosha.