Asili ya Mota ya Nyuma ya Mashua

Aghalabu watu hudhani ya kuwa mota ya kufungwa nyuma ya mashua ilizaliwa na petroli, na ya umeme ni mtoto wa juzi. Kumbe sivyo. Mwaka 1838 Moritz von Jacobi aliendesha mashua kwa umeme katika Mto Neva, mjini St Petersburg, lakini mtambo wake ulikuwa ndani ya chombo. Aliyeutoa nje ni Mfaransa, Gustave Trouvé. Mwezi wa Mei 1881, katika Mto Seine mjini Paris, aliweka mota ndogo juu ya usukani, na rafadha akaitia katika usukani wenyewe, mnyororo ukiziunganisha. Usukani ukigeuzwa, rafadha hugeuka nao. Ukichopolewa, vyote hutoka pamoja, mashua ikarudia makasia yake. Hilo, kwa haki, lilikuwa kubwa kuliko mwendo wake, uliokuwa wa pole.

Mota haikuwa na kosa. Betri ndizo zilizoshindwa. Zinki ililiwa na tindikali, na nguvu ikaisha upesi. Petroli hubeba nguvu nyingi katika kopo dogo. Basi Ole Evinrude alipoanza kuuza mota zake huko Marekani mwaka 1909, wanunuzi walimwendea yeye, na sifa ya uanzilishi ikamfuata. Sasa betri za lithiamu zimeurudisha umeme katika mashua ndogo na za matanga, ingawa kilo moja ya betri haijaikaribia bado kilo moja ya petroli.