Mionzi Malishoni: Nani Alihesabu Gharama?

Tarehe 20 Juni 1986 wafugaji wa milima ya Cumbria, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, walikatazwa kuuza au kuchinja kondoo wao. Waliambiwa wavumilie wiki tatu tu. Katika baadhi ya mashamba, vizuizi hivyo vilidumu miaka 26.

Chanzo kilikuwa mbali. Mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulilipuka tarehe 26 Aprili, upepo ukasomba vumbi la mionzi hadi magharibi mwa Ulaya, na mvua kubwa ya mwanzoni mwa Mei ikalishusha malishoni. Ndani ya vumbi hilo mlikuwa na seziamu, ambayo nusu yake huchukua miaka 30 hivi kuisha. Nyama yenye mionzi iliyozidi bekereli 1,000 kwa kilo haikuruhusiwa sokoni.

Wiki tatu zilitoka wapi? Wataalamu walikuwa wameijua seziamu katika udongo wa mfinyanzi, ambao huinasa na kuizuia isipande kwenye majani. Milima ya Cumbria ina udongo wa mboji wenye asidi. Huko seziamu haikamatwi: nyasi huinyonya, kondoo huila, samadi huirudisha ardhini, na mzunguko unaanza upya. Mtaalamu wa sosholojia Brian Wynne, aliyekwenda kuwasikiliza wafugaji hao, alikuta uchungu wao ukianzia hapa. Walishauriwa wawashushe kondoo bondeni, kwenye nyasi safi zaidi, na kila mfugaji alijua kwamba nyasi za bondeni ndizo akiba ya majira ya baridi. Walishauriwa wawalishe mabua makavu, chakula ambacho kondoo wa milimani hagusi. Watafiti walipowafungia kondoo ndani ya uzio ili kujaribu dawa ya kufunga seziamu, wenyeji walionya kwamba kondoo aliyezoea kuzurura mlimani hudhoofu akifungiwa. Jaribio hilo liliachwa baadaye, kwa sababu ile ile waliyoitaja.

Msomaji aliyekulia kwenye zizi hahitaji kuelezwa fedheha ya kufundishwa mifugo yako na mgeni asiyetaka kukuuliza lolote. Na kumbukumbu ya 1957 ilikuwa bado hai: moto ulizuka kwenye kinu cha nyuklia cha Windscale, jirani kabisa, na maziwa ya eneo zima yakamwagwa. Wafugaji wengi walishuku kwamba baadhi ya mionzi ya 1986 ilikuwa masalia ya moto ule. Kwa nini wasishuku, ikiwa hata ahadi ya wiki tatu haikutimia?

Serikali ililipa fidia ya pauni 1.30 kwa kila kondoo aliyepimwa. Aliyezidi kipimo alipakwa rangi mgongoni, na mnunuzi alipoiona rangi alishusha bei. Hasara ya namna hiyo haikuwa na safu yake kwenye daftari la fidia.

Kanuni ya kupima gharama ilikuwapo tayari. Tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, iliyozaliwa Stockholm mwaka 1928 kwa ajili ya eksirei na radiamu, ilisema mwaka 1977 kwamba dozi iwe ndogo kadiri inavyowezekana, mambo ya kiuchumi na kijamii yakizingatiwa. Ni kanuni nzuri. Hata hivyo, kwa miaka mingi mambo hayo yalizingatiwa na wenye kalamu peke yao.

Nchini Norwe hesabu ilikuwa nzito zaidi. Wasami wa kusini, jamii ya wenyeji wa huko, huchunga kulungu wa Aktiki, ambao wakati wa baridi hula kuvumwani. Kiumbe hicho hakina mizizi. Hujilisha kwa kinachoshuka kutoka hewani, na mwaka ule kilishukiwa na seziamu. Kikomo cha bekereli 600 kingeua ufugaji wote, basi mnamo Novemba 1986 serikali ikakipandisha hadi 6,000 kwa nyama ya kulungu. Hoja yake ilikuwa kwamba Mnorwe wa kawaida huila nyama hiyo mara chache sana. Msami huila karibu kila siku. Soko likaokolewa, na hatari ikabaki mezani kwa mchungaji. Ndipo vikaja vipimo vya miili, ushauri wa chakula, malisho safi kabla ya kuchinja, na kuchinja mapema, kabla kulungu hawajahamia kwenye kuvumwani. Lakini Wasami hutumia damu, uboho, ngozi na kano za mnyama huyo, na mtoto hujifunza majina ya vitu hivyo akiwa kando ya mzee anayechinja. Ukihamisha siku ya kuchinja, unahamisha na darasa hilo. Naiona hii kuwa gharama halisi, sawa na fedha.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1996 katika kijiji cha Olmany, Belarus, ambako nako vumbi la Chernobyl lilishuka. Wataalamu kutoka Ufaransa, Jacques Lochard akiwa miongoni mwao, walianza na swali: nini kinawasumbua? Akina mama waliwataja watoto wao. Wakapewa vifaa, wakapima maziwa na chakula wenyewe, na wakagundua kwamba nyumba za kijiji kimoja zilitofautiana sana, kutegemea ng'ombe alilishwa wapi na familia ilikula nini kutoka msituni. Tofauti hizo hazikuonekana kwenye ramani ya wilaya. Mwaka 2009 tume ile ya kimataifa ilitoa mwongozo kuhusu maisha katika maeneo yaliyochafuliwa, ukiwapa wakazi nafasi katika kupanga kinga yao. Baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima, Japani, ya 2011, mikutano na wakazi ilianza mwaka huohuo.

Huko Uingereza, vizuizi vya mwisho viliondolewa Juni 2012. Kondoo waliozaliwa mlimani majira yale walishuka kwenda sokoni bila kupimwa na bila rangi mgongoni.