Bima Hukatwa, Akiba Huwekwa

Ukipanda vilima vya Umatengo, mkoani Ruvuma, ukamuuliza mkulima mwenye umri mkubwa atatibiwaje akiugua, si ajabu akuonyeshe mibuni yake na kuiita bima. Ukiteremka hadi Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, mstaafu aliyerudi kutoka mjini ataita bima mtumbwi wake na nyavu zake, au ng'ombe, au nyumba ya kupangisha Songea. Ni watu wenye busara, na mali yao ni ya jasho. Lakini neno wamelikosea, na kosa hili la neno huja kudaiwa wodini.

Kiswahili chenyewe kimeweka mpaka, na kimeuweka kwenye kitenzi. Bima hukatwa, akiba huwekwa. Tunakata bima kama tunavyokata tiketi, leseni na risiti: yupo anayekata na yupo anayekatiwa, na kila mmoja anabaki na kipande chake. Akiba haihitaji mtu wa pili. Mwenyewe huiweka, mwenyewe huilinda, na ikimalizika humwishia mwenyewe.

Asili ya maneno haya nayo inafundisha. Bima imetufikia kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Wahindi wanalo, Waajemi wanalo, na mzizi wake wa Kiajemi ni neno la hofu. Akiba ni ya ukoo wa Kiarabu, jamaa ya maneno yanayotaja kile kinachofuata nyuma. Akiba basi ni ya kesho tunayoitarajia: ada, mbolea, bati. Bima ni ya kesho tunayoiogopa, ile ambayo mtu mmoja hawezi kuikadiria wala kuimudu.

Wamatengo waliijua maana ya bima kabla ya kulipata neno. Katika desturi yao ya sengu, ukoo ulioishi kwenye ntambo mmoja, yaani mgongo mmoja wa kilima, ulikula pamoja na kuamua mambo yake pamoja chini ya mzee wake. Leo kazi hiyo inafanywa na vikundi vya kufa na kuzikana, na mfuko wa jamii ndani ya vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA: wengi wanatoa kidogo, anayepatwa anachukua. Hiyo ndiyo maana kamili ya bima, hata kama hakuna kadi yenye picha. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Kahawa haifanyi hivyo. Fedha yake huja kwa msimu, baada ya mavuno, baada ya chama cha ushirika (AMCOS), baada ya mnada, ilhali kiharusi hakina msimu. Chulebuni, ugonjwa wa kahawa, ikiingia shambani inaingia pia kwenye hiyo inayoitwa bima. Ng'ombe wa kuuzwa kwa haraka huuzwa kwa bei ya anayenunua. Akiba haiozi, wahenga walisema, na ni kweli. Lakini humalizika, na kwa mzee wa miaka 70 aliyeacha kazi, kuirudisha ni vigumu mno.

Wataalamu wa fedha wanao msemo wa Kiingereza kwa mtu anayeamua kutokata bima na kutenga fedha zake mwenyewe. Wapo wanaoutafsiri kwa kusema kujibimia. Neno hilo naliona hatari, kwa sababu linamvika mtu mmoja vazi la kundi. Bima ya mtu mmoja haipo, kama usivyokuwepo mchango wa mtu mmoja. Tunalo tayari neno la kweli: kujigharamia. Hospitalini wanasema malipo ya papo kwa papo. Maneno haya hayapambi kitu. Anayeyatamka anajua mzigo uko begani mwa nani.

Anayehitaji kuyasikia zaidi ni mstaafu aliyevuka mpaka. Mtanzania aliyezeeka Uingereza akarudi kujenga Liuli au Lituhi anaacha nyuma matibabu ya umma ya kule, maana hutolewa kwa misingi ya ukaazi. Na pensheni yake ya serikali ya huko, ikilipwa Tanzania, haipandishwi mwaka hadi mwaka. Aliyetoka Marekani anakuta Medicare, bima ya serikali ya wazee wa kule, kwa kawaida haivuki bahari. Mgeni aliyestaafu na kuchagua kuishi ziwani yuko vivyo hivyo. Bima ya wageni inayotakiwa Zanzibar tangu Oktoba 2024, kwa dola 44, ni ya siku zisizozidi 92. Ni ya msafiri, haimtoshi mkaazi. Kampuni binafsi nazo nyingi huweka ukomo wa umri wa kujiunga. Anayengoja miaka 70 ndipo aulize, mara nyingi hujigharamia bila kuchagua.

Kuna neno jingine la kulipima: rufaa. Mahakamani mtu hukata rufaa; hospitalini hupewa. Litembo, Liuli na Peramiho zina hospitali za kanisa zilizohudumia watu hawa kwa miongo mingi. Lakini moyo au figo ikihitaji bingwa, njia inakwenda Songea, kisha Mbeya au Dar es Salaam. Kadi inaweza kulipia kitanda na dawa. Nauli, chakula na malazi ya ndugu anayeuguza hutoka mfukoni. Hapo ndipo akiba ina kazi yake halali, na hakuna haja ya kuiita bima ili kuipa heshima.

Serikali nayo ina neno linaloniumiza: msamaha. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilitamka kwamba mzee ni mwenye miaka 60 na zaidi, na asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Dirishani huduma hiyo ikaitwa msamaha, kana kwamba uzee ni kosa. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa wa mwaka 2018, kwa Sh 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita, ulisema mwanachama. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inasema wote. Mwanachama na wote ni maneno yanayomsimamisha mzee wima. Yatumike hayo, na mzee asiye na kitu alipiwe mchango wake kama mwanachama mwingine yeyote.

Tena lisome neno kitita. Mtaani ni bunda la noti. Kwenye bima ni orodha ya huduma zinazolipiwa. Kitita kipya cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) kilipoanza Machi 2024, hospitali kadhaa binafsi zilisitisha kuwapokea wanachama kwa sababu ya mvutano wa bei. Mzee aulize mapema: kadi yangu inapokelewa wapi, inalipia nini, inavuka rufaa hadi wapi? Mtumishi aliyechangia NHIF aulize pia, kabla ya siku ya mwisho kazini, masharti ya yeye na mwenza wake kuendelea kutibiwa baada ya kustaafu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda kumsalimu baba au bibi yako Mbinga, Maguu au Mbamba Bay, muulize ana bima au ana akiba. Akiwa na mibuni tu, mwambie kwa heshima kwamba hiyo ni akiba, kisha mkatie bima angali mzima.