Batli ya Tarakilishi

Tangu kale nahodha wa merikebu hasafiri bila batli, yaani daftari ambamo huandikwa kila siku mwendo wa chombo, upepo na mambo yaliyotokea. Chombo kikipatwa na msiba, watu huifungua batli wakajua kosa lilianzia wapi. Tarakilishi nayo ina batli yake. Kila ifanyapo kazi hujiandikia yenyewe: nani aliingia, saa ngapi, na programu gani ilishindwa. Katika miaka ya 1980 Eric Allman, wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alitunga programu iitwayo syslog ili kuzikusanya habari hizo kwa utaratibu mmoja, nayo ikaenea katika mitambo mingi ulimwenguni.

Lakini yafaa uitambue tofauti iliyopo. Nahodha akichoka huweka kalamu chini, tarakilishi haichoki. Huandika usiku na mchana, hali diski ina kikomo. Diski ya kwanza kuuzwa, ile ya kampuni ya IBM ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, na zote pamoja zilichukua herufi milioni 5 tu. Za leo ni kubwa mara nyingi mno, wala usidhani kwamba ukubwa huo ni kinga, kwa maana mwandishi naye ameongeza kasi. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Walimsifu mwenye kuweka akiba. Hapa neno lao ni onyo. Diski ikijaa, programu hukosa mahali pa kuandika, barua hazipokelewi, na pengine mtambo wote husimama.

Ukitaka kujua madhara ya mrundiko, fikiri yaliyolipata gari la Spirit, lisilo na dereva, ambalo Marekani ililipeleka katika sayari ya Mirihi. Lilitua mwanzoni mwa Januari 2004, na tarehe 21 ya mwezi huo likaacha kujibu ipasavyo. Wahandisi huko Pasadena waligundua kwamba lilikuwa likijizima na kujiwasha tena na tena. Chanzo hakikuwa jiwe wala dhoruba. Faili zilizobaki tangu safari ya miezi 7 angani hazikuwa zimefutwa, na mpya zikaongezwa juu yake, hata orodha yake ikaizidi nafasi iliyotengewa. Kila gari lilipoamka lilijaribu kuisoma orodha hiyo, likashindwa, likaanza upya. Wahandisi waliliamuru liamke bila kuigusa hifadhi ile, kisha wakazifuta faili zisizohitajika. Gari likapona, na ingawa lilikusudiwa kufanya kazi siku 90 za Mirihi, liliendelea kuleta habari hadi Machi 2010.

Je, dawa ni kuacha kuandika? La, hasha! Nahodha asiye na batli ni kama kipofu. Dawa ni kubadilisha madaftari kwa zamu. Katika mitambo mingi ya Linux, programu iitwayo logrotate hulifunga daftari lililotumika, mathalani kila juma, ikafungua jipya. Lililofungwa hubanwa lipate kuchukua nafasi ndogo, na lililopita muda uliowekwa, pengine majuma 4, hufutwa. Hata hivyo, kilichofutwa hakirudi. Mwizi aliyeingia mtamboni miezi 3 iliyopita hatajulikana, ikiwa kumbukumbu za siku ile zimekwisha kutupwa. Kwa hiyo zile zenye uzito hunakiliwa kwanza katika hifadhi nyingine.

Basi, kijana, siku utakapokabidhiwa mtambo, usingoje usimame ndipo uanze kutafuta cha kufuta. Jiulize mapema mambo matatu: ni nini kiandikwe, kikae muda gani, na ni nani atakayeamua kwamba sasa kiondolewe.